Tupeane uzoefu: mkimbiaji asiyeona anayetaka kuwa jaji

Wakuu, habari za jioni. Nina binamu yangu, miaka 17, haoni. Anakimbia mita 1500 na anataka kuwa jaji. Wazee nyumbani wanamwambia achague moja, wengine wanasema la ujaji alisahau kabisa. Mimi ndiye ninayekimbia naye asubuhi, tumeshikana kwa kamba ya kiatu.

Juzi nilimsomea habari za Jaji Richard Bernstein wa Michigan, Marekani. Haoni tangu kuzaliwa na amekimbia marathoni nyingi. Akiwa wakili alilishtaki jiji la Detroit kwa sababu lifti za kupandishia viti vya magurudumu kwenye mabasi zilikuwa mbovu. 2012 baiskeli ilimgonga akitembea Central Park, New York, ikamvunja nyonga. 2014 akachaguliwa Mahakama ya Juu ya jimbo lake, wa kwanza asiyeona kuketi pale. Wasaidizi humsomea majalada, naye huyashika kichwani kabla ya kikao. Binamu alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata mahakamani ana mtu wa kamba?"

Mliopita njia hii, naomba uzoefu.

Mdau wa Dodoma:
Nina uoni hafifu, nimemaliza shahada ya sheria. Mtihani wa kwanza nilipewa mwandishi, yaani mtu wa kuniandikia majibu, asiyejua sheria hata kidogo. Kila neno la Kilatini nilimtajia herufi moja moja, na muda ukaisha swali la mwisho halijaguswa. Nililia ukumbini. Mwambie aombe mapema, kwa barua, mwandishi anayeijua fani, na muda wa nyongeza.

Mdau wa Kikuyu, Kenya:
Huku kwetu tunaye Henry Wanyoike. 1995 alipata kiharusi, macho yakaondoka. Paralimpiki (michezo ya dunia ya wenye ulemavu) ya Sydney 2000, mita 5000, mwelekezaji wake, yule anayekimbia naye kwa kamba, aliishiwa nguvu njiani, Henry ndiye akawa anamvuta mpaka mwisho. Dhahabu! Athens 2004 akachukua dhahabu mbili. Sasa ndugu, mwelekezaji lazima awe na kasi kuliko anayemwongoza. Wewe unamzidi kwa sekunde ngapi?

Mdau wa Tanga:
Nilikuwa natupa tufe nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, leo ni wakili. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ghorofa ya pili, lifti hakuna. Askari wawili wakaninyanyua, joho likanasa kwenye gurudumu, likachanika hadi kiunoni. Hakimu aliposikia, alishuka mwenyewe, kesi ikasikilizwa chini, masjala, katikati ya mafaili. Sijamsahau yule mama. Binamu yako aje anione, nitamtembeza mahakamani azoee.

Mleta mada:
Nimesoma yote kwa sauti, naye amesikiliza. Mdau wa Kikuyu, leo alfajiri tumepima: mimi dakika 4:50 nikikimbia peke yangu, yeye 4:52. Kwa hiyo natafuta mwelekezaji wa pili, mwenye kasi kunizidi. Tuko Morogoro, mazoezi saa 12 asubuhi, kamba tunayo.