Friji: mpya dukani, mtumba au kuagiza Kariakoo? Wa Dodoma tupige hesabu

ZabibuTamu
Wakuu, habari za jioni. Nikiuliza madukani kila mtu anasifia chake, kwa hiyo naomba tulinganishe hapa. Natafuta friji ya milango miwili, lita 180 hivi. Tuko wanne, tumepanga Ilazo, mita ya Luku ni yetu wenyewe. Nimezunguka nikapata njia tatu:

1. Mpya, duka la hapa mjini: 720,000. Waranti mwaka mmoja, risiti ya EFD, wanaleta mpaka mlangoni.
2. Mtumba wa Ulaya, kando ya barabara: 400,000. Kubwa kuliko hiyo mpya. Waranti ya mdomo, wiki mbili. Muuzaji anasema za siku hizi ni makopo tu.
3. Muuzaji wa Kariakoo niliyemwona Instagram: 610,000, usafiri juu yangu, na hela yote anaitaka kabla hajatuma.

Moyo uko kwenye namba 2. Nizuieni au nisukumeni.

Mnyalukolo_Dom
Namba 2, wala usifikirie. Mama yangu ana mtumba tangu niko sekondari, fundi hajawahi kuufungua. Hizo mpya ukiegemea bati linabonyea.

FundiBaridi
Dada, weka bei ya friji pembeni kwanza, shika risiti ya Luku. Elfu tano ikikupa uniti 40 hivi, uko D1, daraja la bei la wanaotumia umeme kidogo. Ikikupa 14, uko T1, daraja la watumiaji wa kawaida. (Usipimie manunuzi ya kwanza ya mwezi, yale yana kodi ya jengo ndani.)

Kwa nini nauliza? Ukiwa D1, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi ni 350. Ukizoea kuzidisha unahamishiwa T1, na huko ni 292 kuanzia uniti ya kwanza. Hapo VAT na tozo bado.

Tuseme sasa hivi mnatumia 45 kwa mwezi. Mitumba mikubwa ya zamani ninayopima inakula uniti mbili kwa siku, yaani 60. Jumla 105, D1 kwaheri: 30,660. Friji mpya ndogo ina kibandiko cha kWh kwa mwaka. Ikiandikwa 220, gawa kwa 12, ni kama 18. Ongeza joto letu na watoto wanaofungua mlango kuangalia tu, weka 25. Jumla 70, bado uko D1: 7,000. Tofauti ni zaidi ya 23,000 kila mwezi. Ile 320,000 uliyookoa kwenye mtumba inaisha ndani ya mwaka na kitu.

Ila kama tayari uko T1, tofauti inashuka kuwa elfu kumi kwa mwezi, na hapo mtumba una hoja. Simkatalii mkuu hapo juu.

Ukienda kuuangalia huo mtumba, tafuta kibati cha maelezo, huwa ndani au nyuma. Kuna herufi: N na SN zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST ni 38, T ni 43. Nyumba ya bati Dodoma mwezi wa kumi mchana inavuka 32, kwa hiyo friji ya N itanguruma kutwa bila kupumzika. Ukikuta gesi ni R12, ondoka. Ni ile iliyopigwa marufuku kwa Mkataba wa Montreal kwa kuharibu ozoni. Na fungia karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umekufa.

Mnyalukolo_Dom
Mafundi bwana, mnapenda vipya tu.

FundiBaridi
Mitumba ndiyo inayonilisha, mkuu. Vipya haviniletei kazi.

Mama_Kisasa
Mwanangu, namba 3 ifute. Hujui duka lake, hujui sura yake, unamtumia laki sita? Labda una ndugu Dar aende aiwashe, aione inaganda, ndipo alipe. Au panda SGR mwenyewe: nauli ya kawaida ilipoanza 2024 ilikuwa 31,000, kwenda na kurudi 62,000. Weka mzigo, weka wapakiaji wa huko na wa huku. Ile 110,000 uliyodhani unaokoa iko wapi?

Msomi_Chimwaga
Nyongeza kwenye namba 1. Waranti ya mwaka mmoja ni ya nini? Mara nyingi kompresa ina muda wake na vingine vina wake. Uliza pia fundi wao yuko Dodoma, au friji itarudishwa Dar ukae bila friji mwezi mzima. Kadi igongwe mhuri na namba ya friji ifanane na ya kwenye kadi. Risiti ya EFD usiiache, hata wakikushawishi kwa punguzo. Yale maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" yasikutishe. Bidhaa ikiwa mbovu una pa kulalamika, Tume ya Ushindani, chini ya Sheria Na. 8 ya 2003.

ZabibuTamu
Asanteni sana. Nimeangalia: elfu tano imetoa uniti 40 na pointi, niko D1. Sasa fundi, nina wazo la kuuza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule. Hesabu inabaki ile ile?

FundiBaridi
Haibaki. Barafu hamsini kwa siku zinaweza kuongeza uniti 20 kwa mwezi, utafika 90. Kinachouma ni kwamba hizo 20 zinapandisha bei ya zote 90: 26,280 badala ya 7,000. Kwa barafu ya shilingi 100, unauza karibu 200 kulipia umeme tu. Ubuyu, sukari na vifuko bado.

ZabibuTamu
Mia mbili kwa jua la hapa ni wiki moja. Nauza. Nachukua namba 1, herufi T.

Mama_Kisasa
Mwaka huu ada ya watoto inatoka kwenye ubuyu!

ZabibuTamu
Amina, mama. Wanaleta kwa kirikuu Jumamosi. Kuna cha kuzingatia?

FundiBaridi
Isimame, isilazwe. Ikilazwa, iache wima saa kadhaa ndipo uwashe, mafuta yarudi kwenye kompresa. Nyuma iachie nafasi ya kupumua. Na nunua gadi, kile kifaa cha kuikinga friji na umeme unaoruka, siku hiyo hiyo; umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, waranti nyingi hazihusiki.