Tupeane uzoefu: Harley Quinn alikunasia wapi?

Mtoto_wa_Kambini: Jana nimeona binti Wandegeya kavaa fulana ya Harley Quinn, yule dem wa Joker adui wa Batman, nikakumbuka kibanda cha video pale nje ya kambi, mlangoni gunia, jenereta inanguruma, VJ, yule mtafsiri wa filamu, anatuambia Joker ni mtu wa magendo ya Busia na yule dem ni mke mdogo 😂 tukaamini kabisa. Nyie je? Na mbona tunamshangilia yeye kuliko bosi wake?

Kaka_Arua: VJ wetu alimpa sauti ya mama muuza samaki. Tulikufa.

Msomaji_Nakawa: Nyie wa filamu ya 2016, Suicide Squad, mmekuja juzi. Huyo alianzia katuni ya Batman kwenye TV, Septemba 1992, Paul Dini na Bruce Timm walimtaka wa kupita tu, kibaraka mchekeshaji wa Joker, sauti akatia Arleen Sorkin watu wakampenda ikabidi arudi. Vitabu vilimdaka baadaye.

Kaka_Arua: Profesa kafika. Bila filamu nani angemjua huku?

Msomaji_Nakawa: Na bila katuni hiyo filamu ungeitoa wapi, shambani?

Nyabo_Jinja: Mwagombania katuni, mimi kile kitabu cha 1994, Mad Love, kilinivuruga. Harley ni daktari mzima wa akili pale Arkham, hospitali ya wahalifu wendawazimu, Joker anamlilia uongo wa baba mkali mpaka akapenda, akaacha kazi, kisha anamkamata Batman peke yake ili amfurahishe mume, mume anakasirika anamsukuma dirishani. Yuko kitandani kavunjika, anaona ua na kikaratasi cha pole, anayeyuka. Nilifunga kitabu kwa sababu wangu alinisukuma ngazini kwa kosa la kupokea simu ya kaka yangu, asubuhi kaja na rolex, ile chapati ya mayai, kwenye kaveera bado ya moto, nami nikacheka nikala

Mama_Tororo: Pole mwanangu. Toka hapo leo.

Boda_Malaba: Rolex ya mayai mangapi? Mawili ni dharau

Mzee_Bombo: Wazee wa pande zote wakae, ndoa haivunjwi na ngazi.

Mama_Tororo: Mzee ngazi ndiyo inavunja mgongo!

Msomaji_Nakawa: Dada, hata Harley alimpata rafiki, Poison Ivy, akahamia kwake. Tafuta Ivy wako.

Nyabo_Jinja: Nishampata, dada yangu wa Mbale, niko kwake toka Pasaka. Ila huyu naye kwa kelele za vyombo, Joker ana nafuu 😩