Desktopu ya ex-UK kuwa kabati la gemu: mashine, vitufe na mbao

Mtaa_wa_Umoja
Wadau, nina desktopu ya ex-UK: Core 2 Duo, RAM gigabaiti 4, na monita ya inchi 19 ile ya karibu mraba. Nataka kabati la kusimama la wachezaji wawili, kwa ajili ya Street Fighter II, Metal Slug na Pac-Man. Mashine inatosha? Vitufe niviunge kwenye kibodi kuukuu niliyoifungua, au ninunue enkoda, kile kibodi kidogo cha saketi kinachopeleka vitufe na kijiti kwenye kompyuta? Na mbao gani? Nimepanga ghorofa ya tatu, hakuna lifti.

WayaNyekundu
Inatosha. Gemu za mashine za zamani za kumbi kama CPS-1 na CPS-2 (za Capcom) na Neo Geo (ya Metal Slug), na hata PlayStation ya kwanza, zitakimbia vizuri. PlayStation 2 sahau. Weka Batocera ya biti 64, mfumo wa bure wa kuchezea gemu za zamani, kwenye SSD ndogo. Flashi pia inafanya kazi ila kuwaka kunachukua muda. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, tumia FBNeo. MAME, emuleta nyingine, toleo jipya linatafuta usahihi kuliko kasi, itaichosha prosesa hiyo.

Kinachosumbua wengi ni faili za gemu kutolingana na toleo la emuleta. Seti ya MAME 0.78 ni ya MAME 2003. Ukiipa FBNeo, gemu kadhaa zitafunguka na nyingine zitakurudisha kwenye menyu bila kusema neno. Metal Slug nayo inataka neogeo.zip ikae folda moja na gemu, bila kufumuliwa.

Kibodi achana nayo. Nyaya zake zimepangwa kwa safu na nguzo, kwa hivyo ukishika vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili mmoja, cha nne ama kinajibonyeza chenyewe ama kinazuiwa. Mmoja anapiga teke, mwenzake anaganda. Enkoda mbili za USB zinatosha, za kawaida tu za maduka ya Luthuli, Nairobi. Shida yake moja: zikiwa za aina moja zinajitambulisha kwa jina moja, na baada ya kuzima na kuwasha, mchezaji wa 1 anaweza kujikuta ndiye wa 2. Kila enkoda ipe tundu lake la USB na usiihamishe tena.

Randa_na_Msumeno
Kwa ngazi za ghorofa tatu, usitumie MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 kote. Bodi moja ya futi 8 kwa 4 inakaribia kilo 40, na utahitaji mbili. Mbavu na mgongo tengeneza kwa plaiwudi ya milimita 12 ukiikaza kwa vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 1 ndani. Ubao wa milimita 18 uache kwa meza ya vitufe peke yake. Tena MDF inakunywa maji: ukipiga deki mara kadhaa, ukingo wa chini unavimba na haurudi. Mbao yoyote utakayochagua, inua kabati sentimita 3 kutoka sakafuni.

Mbavu mbili zibane pamoja kwa klampu uzikate kwa mpigo mmoja, la sivyo monita itakaa upande. Meza ya vitufe iwe sentimita 95 hivi kutoka chini. Matundu yaachane milimita 36, katikati hadi katikati. Pima shingo ya kitufe kabla ya kununua biti ya drili, maana kuna vya milimita 28 na vya 30. Toboa mpaka ncha itokeze, kisha geuza ubao umalizie upande wa pili. Hapo plaiwudi haipasuki.

Kijiti cha kuchezea ndicho kinachosahaulika. Ubao wa 18 unameza nusu ya shina lake. Chimba kwa chini mpaka ubaki unene wa milimita 6 hadi 8.

Mtaa_wa_Umoja
Shukran sana. Mazabodi niitoe kwenye kesi yake? Na Pac-Man, lazima nisimamishe monita?

WayaNyekundu
Iache ndani ya kesi, ilaze chini kabatini. Desktopu nyingi za ofisi zina paneli ya mbele ya aina yake. Ukiichomoa, mashine inalalamika feni au kebo imekosekana na kungoja F1 kila ikiwaka. Refusha tu nyaya mbili za swichi ya kuwasha. Ikidai F1 hata hivyo, au saa inarudi nyuma, betri ya CR2032 imekufa.

Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kuna chaguo la mashine kuwaka yenyewe umeme ukirudi. Ni rahisi ukitumia swichi ya ekstensheni, ila stima ikipotea na kurudi usiku wa manane, kabati zima litaamka likipiga muziki. Mimi ningeliacha limezimwa. Toboa mgongo juu na chini, feni ya milimita 120 ivute hewa moto juu.

Monita usiizungushe. Ni 1280 kwa 1024, kwa hivyo Pac-Man itakaa 768 kwa 1024 katikati, inasomeka vizuri. Street Fighter itakuwa 1280 kwa 960, ukanda mwembamba mweusi juu na chini. Kwa Pac-Man chunga kijiti zaidi: gemu ile ni ya pande 4, na kijiti cha pande 8 kitakuangusha kwenye kona. Tafuta chenye kibao cha plastiki chini kinachogeuzwa kutoka 8 kwenda 4.

Randa_na_Msumeno
Na kibao hicho kiachie nafasi ya kufikika. Funga meza ya vitufe kwa bawaba, si kwa gundi.