Lakabu yangu imevujia wapi?

Mkulima Kimya (Moshi):
Wanajamvi, salaam. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika makala kwa lakabu kuhusu bei ya kahawa na mwenendo wa chama cha ushirika cha kijijini kwetu, na aliyejua kwamba mwandishi ni mimi ni mke wangu peke yake. Jumamosi iliyopita, tukiwa kwenye daladala ya Kiboriloni, jirani yangu aliniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, ile ya juzi umewapasha kweli." Naomba kujua siri kama hii huvujia wapi, maana kaka zangu wawili ni wajumbe wa bodi ya chama hicho.

Ngarenaro (Arusha):
Pole, mwalimu. Mara nyingi lakabu hufichuliwa na mdomo wa mtu au na nyayo za fedha. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba Robert Galbraith, mwandishi wa riwaya za upelelezi, ni J.K. Rowling, yule wa Harry Potter, kwa sababu wakili wa kampuni ya sheria iliyomhudumia alimdokezea rafiki wa mkewe. Na mwaka 2016 mwandishi wa habari alimsaka mwenye lakabu ya Elena Ferrante, mwandishi wa riwaya wa Italia, kwa kufuata malipo ya mchapishaji. Kwetu njia ni fupi zaidi. Je, uliwahi kuwapa wasomaji namba ya simu wakuchangie vocha? Anayekutumia pesa huonyeshwa jina lako kabla hajathibitisha muamala, na kwa kuwa laini husajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole, jina hilo ni lako hasa.

Bibi Shamba (Moshi):
Mimi ningeyatazama maandishi yenyewe. Katika kisa hichohicho cha Rowling, wataalamu walilinganisha kwa kompyuta urefu wa maneno na vineno vinavyojirudia, vitu ambavyo mwandishi havikumbuki anapojificha. Msomaji anayekufahamu hata kompyuta haihitaji. Ukishaeleza mfereji uliozibwa na mibuni iliyokauka katika kihamba, shamba la ukoo, kilicho chini ya shule, wa kudhaniwa wanabaki watu wanne.

Mkulima Kimya (Moshi):
Namba sikuitoa kamwe, na mke wangu namwamini. Mfereji ndiyo, niliuandika. Ila usiku huu nimezirudia makala tatu za mwisho nikakuta "walakini" mara 11. Mtoto wa jirani yule yuko Kidato cha Pili, darasani kwangu, na wanafunzi huniita Mwalimu Walakini.