Mrejesho: Wanangu waliokuwa hawasemeshani

Habari zenu. Mimi ndiye niliyeomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume wa miaka 13, waliofikia hatua ya kurushiana vitu kisa chaja. Wengi mlinishauri niache kuwa hakimu wao. Mwanzoni nilibisha, nikawasoma tena, nikajaribu.

Nilianza kwa kuongea na kila mmoja peke yake. Binti akaniambia neno lililonichoma: "Mama, yeye akikosea unasema bado mdogo, mimi nikikosea unasema mtu mzima hovyo." Kweli, ndivyo nilivyokuwa nasema. Kijana naye kachoka kuambiwa "mwangalie dada yako" kila matokeo ya mtihani yakitoka. Kumbe nusu ya ule moto nilikuwa nauchochea mwenyewe.

Nimeacha kuwalinganisha (ulimi bado unateleza). Chumba cha binti hakiingiliwi bila hodi, hata mimi nabisha. Wakigombana kwa maneno nakaa pembeni. Mkono ukinyanyuliwa tu naingia, kila mtu upande wake hadi hasira zishuke, ndipo tunaongea.

Ugomvi haujaisha. Jana tu wamenuniana kwa sababu ya rimoti. Ila juzi nilimkuta dada anamwelekeza mdogo wake hesabu, tena bila kumwita mjinga. Nikapita kimya kimya nisije nikaharibu.

Na yule aliyesema niwapeleke wote bweni: samahani, ushauri huo sijaufuata.