Compré au compraba? Naomba msaada wa vitenzi vya Kihispania

mchonga_mwenge:

Wakuu, habari za leo. Niko Mwenge pale kwenye vinyago, kwenye banda la mjomba. Wageni kutoka Hispania wanapita kwetu, hasa Julai na Agosti, na wengi wao Kiingereza hakiwatoki vizuri. Nimeamua nijifunze lugha yao. Salamu ninazo, namba ninazo, bei naitaja bila wasiwasi. Kinachonikwamisha ni vitenzi.

Nimeanza na comprar, kununua, maana ndicho nitakachokitumia kila siku. Nimeandika jedwali kwenye daftari, kila wakati na nafsi zake sita. Nikilifunga daftari vyote vinachanganyika, hasa compré na compraba. Vyote viwili naambiwa ni wakati uliopita. Sasa wakati uliopita wa aina mbili ni wa nini?

Nataka niweze kumwuliza mteja maswali matatu. Umenunua nini Zanzibar? Zamani ulikuwa unanunua wapi vinyago? Na la tatu, ungekinunua hiki kama ningekupunguzia bei? Mwenye uelewa anisaidie.

mtoto_wa_ilala:

Mkuu, kariri tu. Vitenzi vyao vina jamii tatu: vinavyoishia -ar, -er na -ir. Real Academia Española yenyewe, taasisi inayosimamia Kihispania, inatumia amar, temer na partir kama vielelezo. Ukizishika hizo tatu, kitenzi chochote cha kawaida kinafuata njia hiyohiyo. Mimi Kifaransa nilikiimba hivyohivyo sekondari mpaka kikakaa.

MamaSegerea:

Mwanangu wa Mwenge, hongera kwa kuanza na comprar. Mimi nilisomea udaktari wa mifugo Cuba, Santa Clara, miaka ya 1980, na hadi leo nakifundisha Kihispania kwa vijana wachache hapa nyumbani Segerea.

Kuimba si kubaya. Ila inaniuma kuona watu wetu wanafundishwa Kihispania kana kwamba wote wametokea kwenye Kiingereza. Mwingereza ana haki ya kushangaa, kwa sababu kwake kununua kwa jana ni neno lilelile, awe mimi, wewe au wao. Wewe unashangaa nini? Tangu mdogo unasema nilinunua, ulinunua, tulinunua. Neno moja limembeba mtu, limebeba wakati, limebeba tendo, na wala huhitaji kutamka "mimi". Mhispania naye ndivyo anavyofanya. Tofauti ni kwamba yeye anatanguliza tendo, mtu anamweka mkiani.

Chukua comprábamos uikate. Compr- ni mzizi. -á- inakwambia kitenzi ni cha jamii ya -ar. -ba- ni wakati. -mos ni sisi. Kwetu ni tulikuwa tukinunua, na ile tu- ya mwanzo ndiyo -mos yao ya mwisho. Kwa hiyo acha kulisoma jedwali kutoka juu kwenda chini. Soma mkia wa neno kwanza. Ukisikia -mos, popote pale, wakati wowote, ni sisi. Ukisikia -n mwishoni, ni wao, au ninyi. -s ni wewe unayemzoea. Irabu tupu bila kitu nyuma yake, mara nyingi ni yeye.

Compro, compras, compra, compramos, compran: huo ni wakati uliopo.
Compraba, comprabas, compraba, comprábamos, compraban: huo ndio ule wa nilikuwa nanunua. Unaona mimi na yeye wamefanana? Hapo ndipo Mhispania analazimika kusema yo au ella, kama mazungumzo hayajaonyesha ni nani.

Anayekataa kutii ni huyu mmoja: compré, compraste, compró, compramos, compraron. Wewe wake ni -ste, bila s ya mwisho, na compramos yake haitofautiani na ya wakati uliopo. Huyo ndiye wa kumwimba kama anavyoshauri ndugu wa Ilala, na ukimwimba huyo peke yake, kazi imepungua sana.

Sasa swali lako lenyewe. Compré ni tendo lililokwisha, umelifunga, umeondoka. Compraba ni tendo lililokuwa linaendelea, au mazoea ya wakati ule. Ayer compré pescado en Feri: jana nilinunua samaki Feri, basi. Cuando vivía en Tanga, compraba pescado todos los días: nilipokuwa naishi Tanga nilikuwa nanunua samaki kila siku. Hapo hatuhesabu mara ngapi wala hatusemi ilikoma lini. Jiulize kwa Kiswahili: ningesema "nilinunua" au "nilikuwa nanunua"? Jibu hilo litakufikisha mahali sahihi mara nyingi kuliko kanuni yoyote ya kwenye vitabu.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali la daftarini halitakupa, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wako umeshazoea hivyo. Compro utaitamka sawasawa bila kufundishwa. Lakini compró lazima ukaze ile ya mwisho kabisa, com-PRÓ. Compro ni nanunua mimi, leo. Compró ni alinunua yeye, jana. Kwa mkazo tu, mtu amebadilika na wakati umebadilika. Alama ile juu ya herufi ndiyo inayokuonyesha pa kukaza, kwa hiyo uiandike kila mara hata kwenye simu. Wanafunzi wangu huwa nawagongesha kidole mezani kwenye silabi yenye mkazo: compro, compró, compré, compraré. Fanya hivyo bandani wakati hakuna mteja.

Wakati ujao ni mwepesi. Usikate chochote. Chukua comprar nzima uongeze mkia: compraré, comprarás, comprará, compraremos, comprarán. Mikia hiyo ilitokana na kitenzi haber, ambacho siku hizi kinasaidia kutengeneza "nimenunua": he comprado, has comprado, ha comprado, hemos comprado, han comprado. Toa h, ambayo haitamkwi, kisha linganisha he na -é, has na -ás, hemos na -emos. Jifunze hizo mbili siku moja.

Na kwa kuwa wewe ni muuzaji, chukua pia vender, kuuza. Ni ya kawaida ya jamii ya -er. Vendo, vendes, vende, vendemos, venden. Vendí, vendiste, vendió, vendimos, vendieron. Mahali pa -ba- panakuwa -ía-: vendía, vendíamos. Mikia ni ileile. Za -ir zinatofautiana nayo padogo tu, vivimos badala ya vendemos, usipoteze usiku kwa hizo.

La mwisho kwa leo ni heshima. Sisi tunamheshimu mtu kwa shikamoo, mama, mzee, lakini kitenzi hakiguswi. Kwao kitenzi chenyewe kinahama. Mteja mtu mzima ni usted, na usted anachukua umbo la yeye: compra, compró, compraba. Kwa hiyo kwa kazi yako, umbo la yeye ndilo utakalolisema kuliko yote. Anza nalo.

dereva_kigamboni:

Mama amemaliza, naongeza ya Hispania tu, maana ndio ninaowabeba kwenda Mikumi na Bagamoyo. Hao wakiwa kundi la marafiki wanaambiana vosotros, yaani ninyi, na hiyo ina mkia wake: compráis, comprasteis, comprabais, compraréis. Amerika ya Kusini na Cuba huisikii, wote ni ustedes na -n. Wewe mkuu huna haja ya kuitamka, ila uitambue ukiisikia, maana watakuwa wanaulizana wenyewe mbele yako kama wanunue au la.

Halafu ile he comprado. Watu wa Madrid kwa jambo la leo hii wanaitumia sana: ¿Habéis comprado algo hoy?, mmenunua chochote leo? Kwa la jana wanarudi kwenye compré. Inakaribia -me- na -li- zetu. Mtu wa Mexico au Argentina kwa la leo anaweza kusema compré tu, na ni sahihi kwake.

mchonga_mwenge:

Shikamoo mama. Dereva, asante sana kaka. Hii ya kukata neno kutoka mkiani imenifungua, nimelirudia jedwali lote sasa hivi.

Nimejaribu maswali yangu. La kwanza: ¿Qué ha comprado en Zanzíbar? La pili: ¿Dónde compraba antes? La tatu bado, hiyo ya -nge- sijaiona. Na mama, video za Wacuba nikizisikiliza s ya mkiani siisikii, sasa nitamjuaje wewe na yeye?

MamaSegerea:

Marahaba mwanangu. Hayo mawili yamenyooka. Kama ameshaondoka Zanzibar siku nyingi, ¿Qué compró en Zanzíbar? nayo inafaa.

Kuhusu Wacuba umesikia sawasawa. S ya mwisho wanaimeza, compras inasikika kama compra, na ndiyo maana utawasikia wanataja tú mara nyingi kuliko wenzao: ¿Qué tú compras? Wageni wako wengi wa Hispania wataitamka hiyo s, ingawa wa Andalucía nao huimeza.

-nge- ni comprar nzima pamoja na -ía: compraría, comprarías, compraría, compraríamos, comprarían. Ya vender ni vendería, usiichanganye na vendía ya hapo juu. Lakini hapa Kiswahili kinatutega. Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili: ungenunua kama ningepunguza. Mhispania anaiweka upande mmoja tu, upande wa matokeo. Upande wa "kama", ambayo kwao ni si, hiyo -ría haikai. Unachukua wao wa jana, bajaron, walipunguza, unatoa -ron, unaweka -ra: bajara. Vitenzi vyote vinakubali njia hiyo, compraron inakuwa comprara, vendieron inakuwa vendiera.

Kwa hiyo swali lako la tatu ni: ¿Lo compraría si le bajara el precio? Kaza com-pra-RÍ-a, kisha ba-JA-ra, silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Ukikaza ya mwisho itakuwa bajará, yaani atapunguza, na mteja hataelewa ni nani huyo atakayepunguza. Le ni yeye unayemheshimu. Kikiwa kinyago cha kike kwa sarufi yao, kama máscara, barakoa, lo inakuwa la.

Liseme polepole, halafu unyamaze umwache ajibu. Usitaje bei mpya kabla hajajibu.