Tumkumbuke vipi winga wetu bila ya kumtaja aliyempa figo?

Mtoto wa Kikwajuni ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo limenikaa rohoni na nataka rai zenu, hasa watu wa mpira wa zamani na nyinyi mlio na wagonjwa wa figo majumbani.

Ami yangu, mdogo wake baba, alifariki mwaka jana baada ya Idi. Watu wazima wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, mnamjua, lakini jina lake naliweka kando mpaka familia ikubaliane. Alicheza winga ya kulia miaka ya 1980. Mwembamba, miguu mirefu, na alikuwa na mtindo wa kuusubiri mpira kwenye chaki huku ameupa mgongo uwanja, beki anadhani hayumo mchezoni. Wazee wanasema uwanja wa Mao kulikuwa na watu hawakai jukwaani kabisa. Wakisimama upande anaocheza yeye, na kipindi cha pili wakihama naye.

Mpira ulipomtoka miguuni akafundisha watoto, timu za juvenile, kila siku baada ya laasiri. Kisha ikaja presha. Presha haina kelele, na yeye hakuijua mpaka ilipokwishamharibu figo zote mbili. Asubuhi akiamka uso umevimba, ngazi mbili tu pumzi juu juu, na sisi tukasema umri. Akaanza kusafishwa damu hospitali ya Mnazi Mmoja, mara tatu kwa wiki, saa nne nzima kwenye mashine. Mwenye mgonjwa wa aina hii atanifahamu nikisema sindano aliizoea, kiu hakuizoea. Maji ya kupimiwa. Madafu marufuku kwa sababu yana potasiamu nyingi na figo mbovu haziwezi kuitoa, ikipanda inasimamisha moyo. Ndizi nazo hivyo hivyo. Basi mtu amezaliwa chini ya minazi, mwezi wa Machi, jua la utosi, anatazama wenzake wakipasuliwa madafu Darajani na yeye anageuza uso.

Aliyempa figo ni shangazi yangu, dada yake mkubwa. Analima mwani pwani ya Bwejuu na alikuwa hajapanda ndege maishani mwake. Walipopimwa ndugu, yeye ndiye aliyelingana naye zaidi. Safari ikawa ya India. Sheria ya kule inataka ithibitike kuwa anayetoa ni ndugu wa damu kweli na hakununuliwa, kwa hivyo tulihangaika na vyeti vya kuzaliwa vya watu waliozalishwa nyumbani na mkunga wa mtaa. Hata baada ya vyeti, kamati ikamwita shangazi peke yake, ami hayupo, ikamuuliza kupitia mkalimani: nani amekulazimisha, umeahidiwa nini? Akawajibu, "Huyu nimembeba mgongoni mimi, mama yetu yuko shamba." Mkalimani akatafsiri na wakaandika.

Ami akaishi, na akarudi uwanjani na filimbi yake. Kucheza hakucheza tena, kwani figo ya kupandikizwa huwekwa mbele, chini ya tumbo, si mgongoni zilipo zile za kuzaliwa nazo, na kiwiko kimoja cha beki kingeweza kuiumiza. Vidonge vyake akivimeza asubuhi na usiku kwa saa ile ile, vile vya kuuzuia mwili usiikatae figo. Mabalungi aliyoyapenda akayaacha moja kwa moja kwa sababu yanaipandisha dawa kwenye damu kupita kipimo. Lakini dafu, daktari alipomruhusu! Siku hiyo alikunywa taratibu, akakomba na nyama yake, asizungumze na mtu.

Miaka ile alifundisha watoto ambao leo wengine wanacheza ligi kuu. Alipofariki kilichomchukua ni moyo. Figo ya shangazi ilikuwa inafanya kazi mpaka siku hiyo.

Sasa vijana wake wanaandaa mashindano ya kumkumbuka, yatatanguliwa na khitma. Wameandika historia yake isomwe uwanjani. Nimeisoma. Mabao yamo, timu zimo, safari za Pemba zimo. Figo haimo. Imeandikwa tu "aliugua kisha akajaaliwa afya". Nikauliza, wazee wa familia wakaniambia mambo ya ndani yana sitara yake, na midomo ya watu itasema bibi yule aliuza kiungo. Shangazi mwenyewe anasema hakutoa ili atangazwe.

Mimi siridhiki. Wale watoto wa miaka ya mwisho wasingempata kocha lau si yule mama wa Bwejuu, na hawajui hata sura yake. Mngefanya nini nyinyi mkiwa mahali pangu? Nisimame na wazee au niseme?

---

Beki wa Chake amejibu:

Wa alaykum salaam. Kwa hayo maelezo ya mgongo na chaki, mie namjua, jina usiniambie.

Nilimkaba uwanja wa Gombani, huku Pemba. Walikuja na meli ya Mapinduzi, wakashuka bandari ya Mkoani hawajalala, na sisi tukasema leo miguu yao mizito. Kipindi cha kwanza kilikuwa kirefu sana kwangu. Mechi ilipokwisha akanifuata, akaniambia, "Wewe unantazama uso. Uso unadanganya. Tazama kiuno." Mchezaji wa timu pinzani, kashinda, ananifundisha namna ya kumkaba yeye mwenyewe! Msimu uliofuata nilimkaba vizuri zaidi, na alicheka.

Kwenye kahawa nilisikia kuwa kapelekwa India, kisha nikasikia karudi, yakaisha. Hakuna aliyetaja dada. Mwanangu, mpira wake tutausimulia sie tuliouona, hata msipouandika. Hilo la dada yake nani atalisimulia ikiwa nyinyi mnalifunika? Mie nakuambia sema.

---

Mke wa Mgonjwa amejibu:

Nimeisoma mara tatu nikilia. Mume wangu yuko kwenye mashine hivi sasa, nakuandikia nikiwa benchi la nje.

Mume wangu ana ndugu wengi, baba mmoja mama mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kupimwa. Sisemi ni wabaya. Wanaleta samaki, wanaleta nauli, wanakesha nasi akizidiwa. Lakini likitajwa neno figo kila mtu anatazama simu yake. Wanaogopa, na wanaogopa kwa sababu hawajawahi kumuona mtu aliyetoa. Wanadhani akitoa anakuwa mlemavu, hazai, habebi kitu, anakufa mapema. Daktari amenieleza kuwa figo inayobaki hunenepa kidogo na kuchukua kazi ya mwenzake, kuwa hawamchukui mtu mwenye presha au sukari, kuwa anayetoa anatakiwa apimwe presha na mkojo kila mwaka na basi, maisha yanaendelea. Mimi nikiwahadithia mashemeji wanaona nawashawishi kwa faida ya mume wangu.

Shangazi yako bado anakwenda kwenye mwani? Kama bado anabeba magunia ya mwani wa maji, nakuomba sana, wallahi nakuomba, watu wamuone. Na waambieni wasiojua kuwa si lazima India tena. Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma 2018. Ndugu yuko tayari, unavuka bahari tu.

Wazee wako wana haki ya kuogopa midomo. Lakini sitara yao inatufunika na sisi tulio benchi hapa.

---

Maalim wa Jang'ombe amejibu:

Kijana, kwanza Mola amrehemu ami yako.

Kuhusu dini, ili wasitokee wa kusema ni haramu siku ya mashindano: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikaa Jeddah 1988 na likaruhusu mtu aliye hai kutoa kiungo kumuokoa mwenziwe, kwa masharti. Asijiangamize yeye, atoe kwa hiari yake, na asiuze. Hapo penye kuuza ndipo penye haramu, na shangazi yako aliulizwa hilo mbele ya kamati akiwa peke yake. Waambie wazee jambo hili, maana hofu yao ndiyo hiyo hiyo na jibu wanalo tayari. Suratul Maida aya ya 32 wanaijua: mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote.

Ama kuficha sadaka, Baqara 271 inasema kuidhihirisha ni vizuri na kuificha mkawapa mafakiri ni bora kwenu. Yote mawili yana nafasi. Kwa hivyo sikubaliani na ndugu yangu wa Chake anayekwambia sema tu. Mwili ni wake, kovu ni lake, na si wazee wala wewe wala vijana wa timu mwenye kuamua. Nenda Bwejuu. Usimpelekee karatasi iliyokwishaandikwa. Muulize anaogopa nini hasa, umsikilize mpaka amalize. Akikataa, nyamaza, na historia isomwe kama ilivyo.

---

Mpenda Michezo Fuoni amejibu:

Naongeza la wenzetu wa mbali kwa ufupi. Jonah Lomu wa New Zealand, yule aliyewapita Waingereza mara nne kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga 1995 kule Cape Town, figo zilimfeli na akapewa moja mwaka 2004 na Grant Kereama, mtangazaji wa redio, wala si ndugu yake wa damu. Akacheza tena, Cardiff. Figo ile ilikataliwa na mwili wake 2011, akarudi kwenye mashine, akafariki Novemba 2015 na miaka 40. Na bado kila anapokumbukwa Lomu, Kereama anatajwa.

Wa soka ni Ivan Klasnić wa Croatia. 2007 alipewa figo ya mama yake, mwili ukaikataa, miezi michache baadaye akapewa ya baba yake. Mwaka uliofuata yuko Euro, anaifunga Uturuki dakika ya 119. Mechi waliipoteza kwa penalti, lakini goli lile lilifungwa na mtu anayeishi kwa figo ya baba yake, na dunia nzima ilijua. Hakuna aliyeona aibu.

Sisi tuna hadithi ya kwetu, ya Bwejuu. Nami nipo upande wa kuisema, akiridhia mwenyewe.

---

Mtoto wa Kikwajuni amejibu:

Ahsanteni nyote. Maalim, nilikwenda kama ulivyonielekeza, mikono mitupu.

Nilimkuta pwani maji yametoka, anafunga mwani kwenye kamba. (Mke wa Mgonjwa, ndiyo, bado anabeba, na mimi nilibeba gunia moja mpaka juu nikaomba kupumzika.) Hofu yake haikuwa midomo. Alisema anaogopa watu wakianza kumsifu yeye, ami atasahaulika, ataonekana ni mtu aliyeokolewa tu, na yeye anataka mdogo wake akumbukwe akikimbia. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja.

Basi nikamsomea majibu yenu. Kwa Beki wa Chake alicheka sana, akasema "ndiye huyo, hakuwa na choyo." Kwa Mke wa Mgonjwa aliacha kamba. Akaniuliza huyo mumewe ana ndugu wangapi, na kama yupo dada.

Ameridhia, kwa masharti yake. Jina lake lisiandikwe kwenye fulana wala picha yake isibandikwe. Historia ianze na mpira na imalizie na mpira, figo iwe katikati, iandikwe "alipewa figo na dada yake, akafundisha tena". Kwenye maikrofoni hasimami, lakini atakaa na wanawake siku ya khitma na atajibu atakaloulizwa, hata kuonesha kovu kwa mwenye kutaka kuliona. Na presha ipimwe pale uwanjani, bure, kuanzia kwa hao wazee watakaocheza mechi ya maveterani. Wazee wa familia nimewapelekea maneno ya Maalim pamoja na masharti hayo. Mmoja bado ananuna, waliobaki wamekubali.

Mke wa Mgonjwa, nimekuandikia faraghani. Anataka umpigie wewe, na akasema walete na mashemeji zako Bwejuu, atawapikia.

Beki wa Chake, jezi yako ipo, utacheza kushoto. Na yeyote mwenye mashine ya presha ya kuazimisha kwa siku mbili, au nesi wa kujitolea, aniandikie. Mpaka sasa tunayo mashine moja na wazee ni wengi.